Maumivu ya Kifua na Hila za Nafsi

Mara nyingi tukihudhuria maziko huwa twasikia neno hili: marehemu amekufa ghafula. Alikuwa mzima, ametoka kusali Isha, amekula chakula chake, na alfajiri amekutwa hana roho. Neno hili hutuliza nyoyo za wafiwa, wala hatuna nia ya kuwaondolea watu utulivu wao siku ya msiba. Lakini watu wakisha kuketi matangani, siku ya pili au ya tatu, ndipo habari hutoka kidogo kidogo. Mke husema kuwa tangu Alkhamisi bwana alikuwa akijikanda bega la kushoto. Mtoto husema kuwa baba alisimama mara mbili kwenye ngazi kwa kukosa pumzi. Jirani husema alimwona barazani akitokwa na jasho ilhali kusi lavuma, akamuuliza, akajibiwa kuwa ni kiungulia tu. Basi mauti hayo hayakuwa ya ghafula. Yalibisha hodi, na mwenye nyumba aliisikia hodi, ila alijiambia kuwa aliyebisha amekosea mlango.

Darsa yetu ya leo ni juu ya mlango huo. Hatukusudii kufundisha utabibu, kwani utabibu una wenyewe. Twakusudia kuchungua jambo moja: kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayejua kusoma na kuhisabu, ambaye akisikia harufu ya moshi nyumbani mwake hukurupuka mara moja, anapobanwa na kifua hukaa kitako akangoja kupambazuke?

Kwanza yatupasa kujua kinachotendeka ndani. Moyo ni msuli uliokaribia ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, na kazi yake ni kusukuma damu mwilini. Wengi hudhani kuwa moyo, kwa vile umejaa damu, hauwezi kuona kiu ya damu. Sivyo. Msuli wake hunyweshwa na mishipa miwili midogo inayochipuka kutoka mshipa mkuu mara tu unapouacha moyo, kisha ikatawanyika juu yake kama mizizi. Kwa muda wa miaka, kwa sababu ya tumbaku, kisukari, shindikizo la damu na mafuta, ndani ya kuta za mishipa hiyo hujengeka uchafu mgumu wenye mafuta. Siku moja uchafu ule hupasuka. Damu huona kuwa pametokea jeraha, nayo hufanya kazi yake iliyoumbiwa, yaani huganda, na donge lile likaziba njia. Sehemu ya msuli iliyokuwa ikinyweshwa na mshipa ule hukosa damu, ikaanza kufa. Hayo ndiyo yaitwayo mshtuko wa moyo.

Neno la kuzingatia hapa ni hilo la kuanza kufa. Msuli haufi wote kwa mara moja kama taa inayozimwa. Mwaka 1977 mabwana Reimer na Jennings wa Marekani walieleza waliyoyaona walipofunga mshipa wa moyo wa mbwa kwa muda mbalimbali. Baada ya dakika 40 tabaka ya ndani ya msuli ilikuwa imekwisha kufa, lakini ya nje ingali hai. Baada ya saa 6 sehemu kubwa ilikuwa imekwenda. Mauti huingia kwa mwendo wa maji yajaayo ufukweni: yaanza chini, yapanda, na aliyeweka mashua yake mchangani ana muda wa kuivuta, ila muda wenyewe ni mfupi, wala maji hayamngojei amalize mazungumzo.

Na muda huo si wa maneno tu, umepimwa. Nchini Italia, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1986 juu ya wagonjwa zaidi ya 11,000, wale waliopewa dawa ya kuyeyusha donge la damu katika saa ya kwanza, vifo vyao vilipungua kwa karibu nusu wakilinganishwa na wasiopewa. Kadiri saa zilivyokwenda faida ilipungua, na waliochelewa zaidi ya saa 6 haikuonekana faida yoyote ya kutajwa. Mwaka 1988 ukatokea uchunguzi mwingine, wa wagonjwa 17,187, uliojaribu dawa hiyo pamoja na asprini. Katika kila wagonjwa 100 wasiopewa dawa hata moja, walikufa kiasi cha 13 katika majuma 5. Katika kila 100 waliopewa zote mbili, walikufa 8. Asprini peke yake, kidonge kile kile ambacho twakinunua dukani kwa sarafu chache, ilipunguza vifo kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Siku hizi, penye vyombo vyake, matabibu hupitisha uzi mwembamba mshipani wakaifungua njia kwa mkono. Lakini mambo yote haya yana sharti moja, nalo ni kuwa mgonjwa awe amefika.

Hapa ndipo tunapoingia katika kiini cha maneno yetu. Mwaka 1969 matabibu wawili wa maradhi ya nafsi katika hospitali kuu ya Massachusetts, mjini Boston, Hackett na Cassem, walieneza matokeo ya kuwauliza wagonjwa wa moyo mambo waliyoyafanya tangu maumivu yalipoanza hata walipofika hospitali. Walikuta kuwa saa nyingi zilizopotea hazikupotea njiani. Zilipotea nyumbani, mgonjwa akijadiliana na nafsi yake. Aliyesema kuwa ni tumbo alikawia. Aliyesema ni uchovu alikawia. Akameza dawa ya tumbo, akajinyosha, akafungua dirisha, akangoja.

Wajuzi wa elimu ya nafsi huliita jambo hili kukana, nasi twaweza kuliita inkari. Bibi Anna Freud alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1936 kuwa ni mojawapo ya ngao ambazo nafsi hujikinga nazo isipatwe na khofu isiyochukulika. Wala si uwongo. Mwongo anajua kweli na anamficha mwenziwe. Mwenye kukana anaificha kweli asiione yeye mwenyewe. Na dalili ya kuwa ameiona kwanza kabla ya kuificha ni matendo yake. Yule asemaye kuwa ni gesi tu, mtazame: amenyamaza kuliko desturi yake, amemwita mwanawe mkubwa akamweleza habari ya deni la duka, ametaka kuletewa udhu. Ulimi wake wasema gesi, na mikono yake yafunga mizigo.

Na yapasa tuwe waadilifu, kwani inkari si adui kila wakati. Hackett na Cassem hao hao, pamoja na mwenzao, waliandika mwaka 1968 juu ya wagonjwa waliokwisha kulazwa chini ya uangalizi, wakaona kuwa walioikana khofu yao kabisa hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao, bali walielekea kuwa na afadhali. Hili halikutustaajabisha sana. Aliyekwisha kufika, akafungwa mashine na kupewa dawa, akisema moyoni kuwa hapana kitu, moyo wake hutulia. Ngao hiyo hiyo akiishika angali nyumbani humuua.

Ili isidhaniwe kuwa twazungumza juu ya wajinga, tutaje kisa cha mtu aliyekuwa na tabibu wake mwenyewe, na magari, na ndege, na hospitali ya jeshi iliyomngojea. Tarehe 23 Septemba 1955, Rais Eisenhower wa Marekani, naye ana umri wa miaka 64, alikuwa mapumzikoni Denver akicheza gofu. Mchana alikula mkate wa nyama uliotiwa vitunguu vibichi. Alasiri akaona tumbo halimpendezi, akavilaumu vitunguu. Usiku akaamka na maumivu ya kifua. Mkewe akampa dawa ya tumbo, kisha akamwita tabibu, naye akafika usiku ule ule. Tabibu akamchoma sindano za kumtuliza, na asubuhi watu wa magazeti wakaambiwa kuwa Rais ana matata ya tumbo. Mashine ya kupima umeme wa moyo haikuletwa mpaka mchana, kiasi cha saa saba, nayo ikaonyesha kuwa ni mshtuko wa moyo. Ndipo alipopelekwa hospitali, baada ya zaidi ya saa 10 tangu kuamka kwake. Wanahistoria wamekhitalifiana: wako wasemao kuwa tabibu alijua tangu mwanzo na akataka mgonjwa apumzike kwanza, na wako wasemao kuwa alikosea kisha akafunika. Sisi hatuna haja ya kuhukumu baina yao. Tunalolitazama ni vitunguu. Mtu aliyepanga vita vya kuingia Ulaya mwaka 1944, alipojiwa na maradhi, dalili ya kwanza aliitupia vitunguu, na wote waliomzunguka waliona raha kuvilaumu pamoja naye.

Alipona, akatoka hospitali mwezi wa Novemba, akachaguliwa tena mwaka 1956, na akaishi mpaka mwaka 1969. Lakini asichukue mtu kisa hiki kuwa hoja ya kungoja. Mwaka 1955 dawa ya kuyeyusha donge ilikuwa haijawa matibabu ya kila siku. Tiba kubwa ilikuwa kulala na kupumzika, kwa hivyo aliyechelewa hakukosa mengi. Leo aliyechelewa hukosa.

Kisa cha pili ki karibu zaidi nasi. Wazee wetu waliokuwa wakitegea Radio Cairo kwa Kiswahili wanakumbuka jioni ya tarehe 28 Septemba 1970, ilipokuja habari ya kufa Gamal Abdel Nasser, naye ana miaka 52 tu. Wengi waliipokea kama radi katika mbingu iliyotakata. Kumbe mwaka mmoja kabla, Septemba 1969, moyo ulikwisha kumpata, matabibu wakamwamuru apumzike, na watu wakatangaziwa kuwa ana homa ya mafua. Alikuwa na kisukari, na alikuwa amevuta sigara nyingi miaka mingi. Alirudi kazini, na siku aliyokufa alikuwa ametoka uwanja wa ndege kumsindikiza Amiri wa Kuwait baada ya mkutano wa wakuu wa Waarabu. Katika kisa hiki maradhi yalijulikana na jina lake likajulikana, ila likavishwa vazi la mafua.

Tuache wakuu, tujitazame wenyewe. Sisi watu wa pwani tuna mavazi mengi ya kuyavisha maradhi haya, na baadhi yake tumeyarithi katika lugha. Mahali pale chini ya kidari, penye ukingo wa tumbo, twapaita chembe cha moyo. Mtu akitaka kutapika husema moyo wamchafuka. Basi lugha yenyewe imeuweka moyo na tumbo katika nyumba moja, na kwa kweli wazee hawakukosea, kwani maumivu ya moyo mara nyingi huja pale pale, pamoja na kichefuchefu, na hata mbeuo. Tatizo ni kuwa tukiisikia dalili hiyo daima twaipeleka tumboni, hatuipeleki moyoni hata siku moja. Ni biriani ya arusi. Ni viazi vya karai. Ni upepo. Huletwa maji ya tangawizi, au kisibiti, mgonjwa akabeua, akasema afadhali. Na afadhali hiyo humpa saa mbili za kungoja, kwani maumivu ya moyo nayo huja yakaondoka, kisha yakarudi.

Vazi jingine ni mshipa na baridi. Bega lauma, mkono wa kushoto umekufa ganzi, taya lavuta, huitwa mkandaji. Vazi la tatu, na hili latusikitisha zaidi, ni jicho na husuda. Mtu amefungua duka jipya au amemuoza binti yake, wiki ile ile akabanwa na kifua, na nyumba nzima imekwisha kupata jibu. Huandikwa kombe kwa zafarani, akanyweshwa. Hutafutwa mganga wa Kaya au wa Pemba, na wakati huo maji yanajaa. Hatukani kuwa husuda ipo, kwani imetajwa katika Kitabu. Tunalolikataa ni kuifanya pazia. Anayetaka kusomewa na asomewe garini.

Liko na vazi la nne, la wenye elimu kidogo: kuwa haya ni maradhi ya Wazungu na ya matajiri, au ni ya wazee wa miaka 70. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2004, uliofanywa katika nchi 52 na Kenya yetu mojawapo, ulionyesha kuwa mambo yaletayo maradhi haya ni yale yale kila mahali, tumbaku na mafuta ya damu yakiwa mbele, na kuwa watu wa Afrika, wa nchi za Kiarabu na wa Bara Hindi hupatwa na mshtuko wa kwanza wakiwa na umri mdogo kuliko watu wa Ulaya. Mji wetu umejengwa na watu wa asili zote hizo tatu. Basi mwenye miaka 45 asiseme kuwa bado zamu yake.

Tena wako ambao maradhi huwajia bila ya maumivu makali. Wanawake, na wazee, na khasa wenye kisukari, ambao si haba katika miji yetu, huenda wasione ila kukosa pumzi, uchovu usio na sababu, jasho la baridi, kichefuchefu, au uzito wa mgongo baina ya mabega. Mwenye kungoja kuona mtu ameshika kifua akaanguka, kama picha za sinema, atangoja hata apitwe.

Sasa twafika kwenye neno ambalo wengi husema kwa nia njema: "Nimetawakali. Ajali ikifika haina kinga." Neno la kwanza ni ibada na la pili ni kweli. Lakini yafaa tumuulize msemaji: je, mlango wa duka lako waufunga usiku? Akisema naam, basi kwa nini tawakali yake haikufika dukani ikafika kifuani? Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Shamu, naye amefika mahali paitwapo Sargh, alipata habari ya tauni, akashauriana na masahaba, akaazimia kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jawabu yake mashuhuri ni kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja wa malisho na mmoja mkavu. Kitanda ni kadari, na gari la wagonjwa ni kadari. Hapana kinachomlazimisha mtu kuona kuwa lililoandikwa ni kitanda tu.

Na katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kuwa Saad bin Abi Waqqas aliugua, Mtume, rehema na amani zimshukie, akenda kumtazama, akaweka mkono juu ya kifua chake, akamwambia kuwa maradhi yake ni ya moyo, na akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, aliyekuwa tabibu. Wanavyuoni wa hadithi wamezungumza juu ya udhaifu wa isnadi yake, nasi hatuijengi hukumu juu yake peke yake. Lakini amri ya jumla ya kutafuta dawa imepokewa kwa njia zilizo sahihi, wala hatuna haja ya zaidi.

Wako watakaotujibu kuwa katika vitabu vya madhhabi yetu ya Shafi kujitibu ni sunna, si wajibu. Kweli imeandikwa hivyo. Lakini msomaji asisite kwenye hukumu, asome na sababu yake. Maulamaa hao walijiuliza wenyewe: kwa nini mwenye njaa ya kumuua huwajibika kula hata mzoga, na mgonjwa asiwajibike kunywa dawa? Wakajibu kuwa faida ya chakula ni yakini, na faida ya dawa si yakini. Hayo yalikuwa maneno ya haki kwa dawa za zama zao. Ikiwa sababu ni kukosa yakini, basi pale ambapo dawa imepimwa kwa maelfu ya watu na faida yake ikajulikana kwa saa, hukumu yataka kutazamwa tena, na imetazamwa. Majmaa ya Fikhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, ilisema kuwa kujitibu huwa wajibu ikiwa kuacha kutaleta kuangamia kwa nafsi, au kupotea kiungo, au kulemaa. Kifua kinachobana na jasho la baridi ni mfano wa wazi wa hayo, kwa rai yetu.

Yako mambo mawili ambayo hatutaki kuyapita. La kwanza ni la wanawake. Bibi mwenye maumivu, mumewe yuko safarini au yuko kazini, hungoja arudi ili apate ruhusa ya kutoka, au huona haya kufunuliwa kifua na tabibu mwanamume. Dharura ina hukumu yake, na fikhi yetu imeieleza zamani. Asiyekuwapo tabibu mwanamke humtazama mwanamume kwa kadiri ya haja. Mume mwema husema maneno haya mapema, siku ya afya, mbele ya watoto: "Ukipatwa na neno, usiningoje." Akikaa kimya, mkewe atayapima maumivu yake na hasira za mume, na asijue zipi nzito.

La pili ni Ramadhani. Mfungaji akibanwa na kifua alasiri, akasema kuwa imebaki saa moja na nusu hata magharibi, huyo amejitwisha alichotuliwa. Ruhusa ya mgonjwa iko katika Suratul Baqara pamoja na aya za saumu zenyewe. Anaifungua, anatafuna asprini yake, anakwenda, na siku hiyo ataikidhi.

Je, kuyajua haya kwatosha? Twatamani tuseme naam, ila ushahidi watuzuia. Marekani, katika miaka ya 1990, miji 20 ilichukuliwa, nusu yake ikafundishwa kwa miezi 18, kwa magazeti, kwa redio, kwa mikutano, namna ya kuzijua dalili na kwenda haraka. Matokeo yalitangazwa mwaka 2000. Watu waliofundishwa waliongeza kuita magari ya wagonjwa, na hilo ni jema. Lakini muda wa kungoja nyumbani haukupungua kuliko wa miji isiyofundishwa. Kwa sababu inkari si ujinga, ilimu peke yake haiiondoi. Aliyezikariri dalili zote, zikimjia yeye, husema kuwa zake ni mbali na zile.

Kwa hivyo maneno yetu ya mwisho hatuyaelekezi kwa mgonjwa, twayaelekeza kwa walio naye. Imeonekana katika uchunguzi wa mambo haya kuwa mgonjwa akishauriana na mkewe mara nyingine hukawia zaidi kuliko akiwa mbele ya mtu wa kazini au mpita njia. Sababu yake twaijua bila ya kuambiwa. Mpita njia huona mtu anayetokwa na jasho, akaita gari. Mke na watoto humwona mzee wa nyumba, na mzee haamrishwi. Humuuliza, "Twende hospitali, baba?" Naye hujibu, kama tunavyojua atakavyojibu. Swali lile ndilo kosa. Ambieni, "Baba, gari liko mlangoni," na koti lake liwe mkononi. Akikasirika, mtaombana radhi kesho.

Na hayo hayafanyiki usiku wa manane ila yawe yamepangwa mchana. Kila nyumba ijue mapema ni hospitali gani mjini mwao yenye mashine ya umeme wa moyo na dawa ya kuyeyusha donge wakati wa usiku, kwani si kila zahanati inazo, na kwenda kwanza pasipo nazo ni kupoteza saa. Maumivu yakipita dakika 5 yasiondoke, safari ianze. Mgonjwa asiendeshe gari mwenyewe, wala asiteremke ngazi kwa miguu ikiwa wapo wa kumbeba. Atafune kidonge kimoja cha asprini cha miligramu 300, isipokuwa aliyekatazwa na tabibu, au inayemdhuru, au mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoa damu. Akizimia na pumzi ikakatika, mtu mmoja aweke viganja viwili katikati ya kifua chake, akisukume chini kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila ya kuacha, mpaka msaada ufike. Tabibu Pantridge wa Belfast alipoanza mwaka 1966 kuwapelekea wagonjwa majumbani chombo cha kuushtua moyo kwa umeme, alifanya hivyo kwa kuona kuwa wengi hufa katika saa ya kwanza, kabla hawajafika mikononi mwa matabibu. Mikono hiyo miwili ndiyo chombo chetu katika saa hiyo.

Mkaazi wa Mji wa Kale, ambako vichochoro havipitishi gari, ajue ni kiti gani cha kumbebea mtu na ni vijana gani wanne wa kuitwa. Wa Likoni ahisabu kivuko. Wa Pate, Siyu na Faza ajue ni nani mwenye boti yenye mashine, amekaa nyumba gani, mafuta yake yamewekwa wapi, na maji yakiwa yametoka mgonjwa atapakiliwa wapi. Na karatasi moja yenye majina ya dawa anazokunywa kila mzee wa nyumba, pamoja na zile zinazomdhuru, ipigiliwe msumari nyuma ya mlango wa mbele, mahali ambapo hata mgeni ataiona.